Kodi ya Siagi na Kodi ya Sukari

Swali: Je, kodi yaweza kuwaachisha watu vyakula vyenye madhara, au humwongezea maskini mzigo tu?

Jibu: Yaweza, muhibu msomaji, kwa sharti kwamba itungwe kwa hekima. Denmark ilipoyatoza mafuta yagandayo krona 16 kwa kilo, Oktoba 2011, siagi, jibini na nyama zilipanda bei, na watu wakavuka mpaka kwenda kununua Ujerumani, hata kodi ile ikafutwa tangu Januari 2013. Waingereza walishika njia nyingine, nami naiona ndiyo bora: kwa kuwa kodi yao ya vinywaji, iliyotangazwa 2016 na kuanza Aprili 2018, ilikuwa peni 18 kwa lita pindi sukari ifikapo gramu 5 katika mililita 100, na peni 24 ifikapo gramu 8, watengenezaji wengi walipunguza sukari kabla ya siku hiyo kuwadia, na mnywaji akanufaika pasipo kutozwa kitu. Ama maskini, hakika kodi ya chakula humwelemea kuliko tajiri, na kuitoza siagi ya mkate wake naona ni dhuluma; lakini soda si kitu cha lazima, na maradhi ya kisukari humwandama yeye pia, tena akiwa hana fedha za dawa.