Kombi ya zamani nyuma ya nyumba



Hapa Kisangani hakuna mwezi usio na mvua, na mvua hula chuma. Kombi ya Volkswagen, gari lililoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, ukiipata leo utakuta sakafu imetoboka. Kuirudishia uzima na kuitia kitanda na jiko la safari ni kazi njema ya siku ya mapumziko. Lakini kazini una kofia, viatu na msimamizi. Nyumbani una sandali na watoto.

Ogopa zaidi kuchomelea. Tangi la kombi liko nyuma, jirani na motere. Utasikia mtu akisema: "Nimemwaga esanse yote, tangi ni tupu." Tupu namna gani? Mvuke umebaki, na sasa umepata hewa ya kuchanganyika nayo. Sehemu 2 tu za mvuke katika sehemu 100 za hewa zatosha kulipuka kwa cheche moja. Kusuuza kwa maji hakutoshi, kwani esanse hujificha ndani ya kutu na mishono. Toa tangi zima, lipeleke mbali, ndipo uchomelee gari. Tangi lenyewe likitoboka, tafuta jingine.

Tena kuna vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Mtoto akimeza risasi hiyo, mwili wake huinyonya mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima, na ubongo huumia. Usichome rangi kwa moto. Isugue kwa msasa na maji, watoto wakiwa mbali, na nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.