Asiyekwenda Zahanati Anahesabiwaje?

Kwenye kikao cha baraza cha muhula uliopita, kiongozi mmoja alisimama na karatasi mkononi akatusomea idadi ya wanafunzi waliotibiwa katika zahanati ya chuo. Idadi ilikuwa imeshuka ukilinganisha na muhula wa kabla yake. Akamalizia kwa kusema afya ya wanafunzi imeimarika, watu wakapiga makofi, ajenda ikafungwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, na ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kuugua siku sita bila kukanyaga zahanati. Kadi yangu ya bima ilikuwa haijatoka, bumu lilikuwa halijaingia, basi nikaenda duka la dawa, nikanunua mseto bila kupima, nikarudi kulala. Wenzangu wawili wa chumba walifanya hivyohivyo wiki ileile. Kwa hesabu za karatasi ile, sisi watatu tulikuwa wazima.

Sikunyoosha mkono siku ile, maana sikuwa na hoja iliyopangika. Baadaye nilikaa maktaba na ripoti za tafiti za afya za kitaifa, nikaona kumbe kuna watu wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi na wana njia ya kulishughulikia. Ndugu mwanataaluma, tuipitie pamoja.

Tuanze na hesabu za shule ya msingi. Sehemu ina kiasi juu na asili chini. Daftari la zahanati linakupa kiasi: waliokuja. Asili, yaani wote waliougua na waliohitaji kuja, halinayo na haliwezi kuwa nayo, kwa sababu asiyekuja hakuandikishwa popote. Sasa kiasi kikishuka, utajuaje kilichotokea? Labda malaria imepungua kweli. Labda dawa ziliisha, habari zikaenea, watu wakaacha kuja. Labda kimefunguliwa kituo kingine karibu. Labda bei imepanda. Sababu zote hizo zinaacha alama ileile kwenye daftari: mistari michache zaidi.

Sisi tunaosomea ualimu tatizo hili tunalijua vizuri. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo nilikuta shule yenye mahudhurio mazuri mno, na mwalimu wa taaluma akijivunia. Lakini mtoto ambaye hajaandikishwa shule hawezi hata kuitwa mtoro, kwa kuwa jina lake halimo. Ndiyo maana mpango wa Uwezo, ambao umepima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda, uliamua kuwafuata watoto nyumbani badala ya kuishia darasani. Ukipimia darasani unampima aliyekuja tu.

Sidharau madaftari. Nchi yetu ina mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, ule wa vitabu vya MTUHA, ambao kila kituo kinajaza na kujumlisha kila mwezi. Ukitaka kujua kituo fulani kilihudumia wajawazito wangapi mwezi uliopita, hakuna utafiti wa kaya utakaokujibu, MTUHA itakujibu. Ila haijui habari za nyumba ambayo haikutuma mtu.

Hapo ndipo tafiti za kaya zinapoingia. Maarufu zaidi kwetu ni Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, unaosimamiwa na Wizara ya Afya pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa Zanzibar Wizara ya Afya ya kule na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Ule wa 2022 ulichagua maeneo 629 ya kuhesabia watu, na katika kila eneo kaya 26. Zidisha mwenyewe: kaya 16,354. Humo wakahojiwa wanawake 15,254 wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Mtu atauliza: nchi ya watu milioni 61, utaielewaje kwa wanawake elfu kumi na tano? Kwa namna ileile mpishi anavyojua chumvi ya sufuria nzima kwa kijiko kimoja, ilimradi amekoroga. Kukoroga huku kunaitwa uchaguzi wa nasibu. Kaya hazichaguliwi na mjumbe wa shina, wala mdodosaji hachagui nyumba iliyo karibu na barabara au yenye kivuli kizuri. Orodha inatengenezwa kwanza, kisha bahati nasibu inaamua. Mdodosaji asipomkuta mtu anarudi tena. Haruhusiwi kuhamia kwa jirani, kwa sababu watu wanaokutwa nyumbani saa nne asubuhi siyo sawa na watu waliokwenda shamba.

Kuna jambo lingine ambalo wengi tunalikosea tukipewa data za aina hii kwa kazi za darasani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Zanzibar ilikuwa na 1,889,773, yaani kama asilimia 3. Zanzibar ingepewa asilimia 3 ya sampuli, wanawake wangekuwa wachache mno kusema lolote la maana kuhusu mkoa mmojammoja wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo inapewa kaya nyingi kuliko sehemu yake, halafu wakati wa kukokotoa wastani wa taifa majibu yake yanapunguzwa uzito ili yarudi kwenye kiasi chake halisi. Ukichukua data ghafi ukajumlisha bila kutumia uzito huo, umepata wastani wa nchi ambayo haipo.

Sasa matunda yake. Tafiti hizi zinatuambia kwamba mwaka 2010 nusu ya watoto, asilimia 50, walizaliwa kwenye kituo cha afya. Utafiti wa 2015-16 ukakuta asilimia 63, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Madaftari ya hospitali yasingeweza kutoa takwimu hizi peke yake, kwa sababu yule wa upande wa pili, aliyejifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, ameulizwa naye. Na ndani ya wastani kuna mambo. Katika ule wa 2015-16, mijini ilikuwa asilimia 86 na vijijini asilimia 54. Ukisoma asilimia 63 peke yake unaweza kudhani kila mahali hali ni hiyohiyo, wakati kwa kweli ni kama nchi mbili.

Lakini usikimbilie kuchora mstari unaopanda ukafurahi. Utafiti wa 2015-16 uliangalia watoto waliozaliwa miaka 5 kabla ya mahojiano, wa 2022 ukatoa kiwango kwa miaka 2. Mtindo wa kupanda unabaki wazi, ila siyo kila pointi ya asilimia uliyoiona ni badiliko la maisha ya watu. Nyingine ni badiliko la kipimo.

Tena, kufika kituoni siyo kupona. Kati ya tafiti mbili za 2010 na 2015-16, wanaojifungulia vituoni waliongezeka, huku makadirio ya vifo vya uzazi yakitoka 454 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 556. Usiende sasa kutangaza kwamba hospitali zinaua. Makadirio ya vifo vya uzazi kwenye utafiti wa kaya yana ukingo mpana wa makosa, na kingo za namba hizo mbili zinapishana, kwa hiyo huwezi hata kusema vifo viliongezeka. Unachoweza kusema ni kwamba swali la "ulijifungulia wapi" halijauliza kama kulikuwa na damu, kama daktari alikuwepo, au kama mama alisemeshwa kama mtu. Kipimo cha matumizi ya huduma kinaishia mlangoni.

Kwa nini mtu asifike mlangoni? Hilo lina historia yake ya kitaaluma. Mwaka 1968 Mmarekani Ronald Andersen alipendekeza tuangalie mambo matatu: hulka na hali ya mtu mwenyewe, kama umri, elimu na imani zake; kinachomwezesha, kama pesa, bima na umbali; na uhitaji, yaani ugonjwa wenyewe. Ukilifikiria kidogo utaona lina makali. Kama anayeumwa zaidi ndiye anayetibiwa zaidi, basi huduma inafuata uhitaji, na hilo ni jambo jema. Kama anayetibiwa zaidi ni mwenye bima, bila kujali nani anaumwa, hapo kuna dhuluma, na unaweza kuionyesha kwa namba. Ndiyo maana hojaji za kaya zinauliza hata sakafu ya nyumba ni ya nini, maji mnachota wapi, mna redio, mna baiskeli. Wenyeji wanaona ni umbeya. Kumbe hivyo ndivyo kaya zinavyopangwa kiuchumi, maana ukimuuliza mkulima kipato chake kwa mwezi unamsumbua bure. Wanawake wanaulizwa pia kama kupata ruhusa, pesa, umbali au kutotaka kwenda peke yao ni tatizo wanapohitaji matibabu. Hakuna daftari la kituo lenye safu ya "alikosa ruhusa ya mume."

Hata hivyo, utafiti wa kaya una udhaifu wake, na mmoja niliuona kwa macho. Nikiwa kidato cha nne wadodosaji walifika nyumbani kwetu. Mdogo wangu alikuwa ametoka kuugua homa. Dada mdodosaji akauliza kwa heshima, "Shikamoo mama. Mtoto alipoumwa, mlimpeleka wapi?" Mama akajibu bila kusita kwamba alimpeleka hospitali. Mgeni alipoondoka nikamwambia, "Mama, mbona tulimpa panadoli tu?" Akaniangalia. "Ulitaka mgeni aandike kwamba mimi sijali mwanangu?"

Jibu lile likawa takwimu. Hakuna fomula ya kulifuta. Kinachosaidia ni namna ya kuuliza. Badala ya "mlimpeleka wapi", unauliza kwanza kama alipewa chochote au alisaidiwa popote, na unataja duka la dawa kwa sauti ileile unayotajia hospitali, ili mtu asione aibu kulichagua. Kumbukumbu nayo inadanganya. Homa ya mtoto huulizwa kwa wiki mbili zilizopita tu, kwa sababu ukiuliza mwaka mzima watu wanakumbuka waliyolazwa na kusahau mafua. Uzazi haumsahaulishi mtu, ndiyo maana unaweza kuuliza miaka kadhaa nyuma.

Udhaifu wa pili unatuhusu sisi moja kwa moja. Tafiti hizi huchagua kaya. Kambi za jeshi, magereza, wodi za hospitali na mabweni ya shule havimo. Anayehojiwa ni mkazi au mgeni aliyelala kwenye kaya hiyo usiku wa kuamkia mahojiano. Hebu fikiria: nyumbani kwa wazazi hukulala, na hosteli haichaguliwi. Mwanafunzi anayeishi hosteli hayumo kwenye utafiti wa taifa, na akinunua mseto dukani hayumo kwenye daftari la zahanati. Kwa hiyo mtu yeyote anayesimama kusema afya yetu imeimarika au imezorota anabahatisha.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi ni kufanya utafiti wetu wenyewe, na hauhitaji fedha nyingi. Tunahitaji orodha ya vyumba, namba zichaguliwe kwa nasibu, na wadodosaji wasiotoka kwenye hosteli hiyohiyo. Maswali matano yanatosha: uliumwa wiki mbili zilizopita? Ulifanya nini kwanza? Kama hukwenda zahanati, kwa nini? Una kadi ya bima inayofanya kazi leo? Ulikosa vipindi vingapi? Hakuna jina la mtu linaloandikwa.

Tuwe wakweli kuhusu matokeo lakini. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, tumehoji wanafunzi 80, na 20 waliumwa, na 8 kati yao walikwenda zahanati. Hiyo ni asilimia 40. Ila kwa wagonjwa 20 tu, ukweli unaweza kuwa popote kati ya kama asilimia 20 na 60. Ukiutangaza kwenye baraza kama asilimia 40 kamili, umefanya kosa dogo la yule mwenye karatasi. Ukitaka ukingo mwembamba, hoji watu wengi zaidi, na rudia kila muhula kwa maswali yaleyale bila kubadilisha neno.

Jambo hili la kujifanyia wenyewe siyo la chuo tu. Mpango wa kimataifa ambao tafiti zetu za kitaifa zilikuwa sehemu yake ulianza 1984 kwa fedha za Marekani, na mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani ilisitisha ufadhili huo. Nchi nyingi zilijikuta zinauliza nani atalipia utafiti unaofuata. Sisi tunaosoma sasa ndio tutakaokuwa wadodosaji, wachambuzi na walimu wa hesabu wakati jibu linapotafutwa.

Hojaji ya majaribio tumeshaichapa. Juzi usiku nilimjaribia mwenzangu wa chumba, yule aliyeugua nami. Nikamuuliza, "Katika wiki mbili zilizopita uliumwa?" Akasema hapana. Nikamkumbusha kwamba Jumanne hakwenda kipindi, kichwa kilimuuma mpaka akafunga macho kwa kitenge. "Ah, ile?" akasema. "Ile siyo kuumwa bwana, ile uchovu." Tukafuta swali la kwanza, tukaanza kuliandika upya.