Dondoo muhimu: Logi za seva zisipotee njiani

Seva ikizima usiku wa manane, shahidi wa kwanza ni logi zake. Kwenye mashine nyingi za Linux, kazi ya kuzikusanya hufanywa na rsyslog, programu aliyoianzisha Mjerumani Rainer Gerhards mwaka 2004. Uwezo wake ni mkubwa, ila sehemu yake kubwa husubiri msimamizi aiwashe.

Uzito wa ujumbe. Kila ujumbe hupewa ngazi, kuanzia 0 (mfumo hautumiki kabisa) hadi 7 (maelezo ya kusaka hitilafu). Penye systemd, fundi mwenye haraka huandika `journalctl -p err -b`, akaona makosa tu, tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho.

Njia ya kusafirishia. UDP kupitia poti 514 haingoji jibu. Mtandao ukisongamana, ujumbe hupotea kimyakimya. TCP ni afadhali. TLS, poti 6514, huzuia pia wadukuzi kusoma yanayopita.

Foleni ya diski. Seva ya kupokea logi ikizimika, rsyslog huweza kuhifadhi ujumbe kwenye diski na kuutuma baadaye.

Saa. Mtindo wa zamani huandika “Mar 3 02:14:07”, bila mwaka wala ukanda wa saa. RFC 5424 ya mwaka 2009 iliongeza vyote viwili. Kampuni yenye seva Dar es Salaam na Frankfurt ihamie huko mapema.

Nafasi. Logrotate hubana faili kuukuu na kufuta zilizopitwa na muda, kabla `/var` haijajaa na kukwamisha huduma nyingine.