Mashine ya Skrubu ya Kupasua Kuni: Nani Anaweza Kuizima?



Katika somo hili tungependa tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaijua, kazi ya kupasua kuni. Kutoka Thika mpaka Ruiru kuni bado ni biashara. Shule zinapika githeri kwa sufuria kubwa, mikahawa inataka kuni kavu, na viwanda vya chai upande wa Gatundu na Gatanga vinachoma kuni ili kukausha majani. Tena, mashamba mengi ya kahawa karibu na Ruiru yamegeuka kuwa ploti za nyumba. Kahawa inang'olewa, na miti ya kivuli kama grivelea inaangushwa. Magogo yanabaki pale chini, na mwenye trekta anajiuliza: kwa nini nilipe watu wa shoka wiki nzima?

Hapo ndipo mashine ya skrubu inapomvutia. Kabla hujainunua, au hujamwambia fundi akutengenezee, tuketi kidogo tuiangalie.

INAVYOFANYA KAZI

Ni kipande cha chuma kigumu, chembamba mbele na kinene nyuma kama koni, kilichochongwa meno ya kuzunguka kama ya skrubu. Kinafungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na piitio, yaani ile shafti ya nyuma ambayo pia huendesha mashine ya kukata nyasi za ng'ombe au ya kupukuchua mahindi. Gogo linasukumwa ubavu wake mpaka liguse ncha. Skrubu inalitoboa, inajivuta ndani yenyewe, na ule unene wa nyuma unalipasua.

Wema wa mashine hii ndio ubaya wake. Skrubu ikishashika kitu haikiachi, inakivuta. Haijui hili ni gogo na ule ni mkono wa sweta. Shoka husimama mkono wako ukisimama. Skrubu haikungojei.

TUFANYE HESABU

Piitio ya kawaida ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika moja. Ukigawanya kwa 60, unapata mara 9 kila sekunde. Tuseme sehemu nene ya skrubu ina mzingo wa sentimita 30. Kila sekunde itavuta nguo ya urefu wa sentimita 270, karibu mita tatu. Mkono wa koti una urefu wa kama sentimita 60. Utamezwa kwa chini ya robo sekunde. Hata neno "Zima!" halijatoka kinywani.

Sasa chukua mfano huu. Kijana wa kibarua anasukuma gogo. Mwenye trekta amekaa kitini, na injini inanguruma. Sweta ya kijana ina uzi unaoning'inia, nao unashikwa. Anapiga kelele. Mwenye trekta anageuka, anaona, anaifikia gia ya piitio. Hata akiwa mwepesi kweli, tumpe sekunde mbili tu. Skrubu imezunguka mara 18. Na piitio ikishatolewa kwenye gia, mara nyingi inaendelea kuzunguka kidogo kabla ya kusimama.

Huyu mwenye trekta si mtu mbaya, na kijana si mzembe. Shida ni moja: aliye karibu na hatari hana cha kuizima, na mwenye cha kuizima yuko mbali na hatari. Kwa hiyo kanuni tunayotaka uishike katika somo hili ni hii:

Anayelisukuma gogo ndiye awe na uwezo wa kuizima mashine, pale pale aliposimama, bila kutembea na bila kumwita mtu.

Kama mashine yako haina kizimio cha namna hiyo, usiifanyie kazi. Hata ukiambiwa jirani anaitumia na hajaumia, usikubali.

HATARI NYINGINE

1. Gogo lenyewe. Mti wenye mafundo haupasuki haraka. Skrubu inalizungusha gogo zima, na gogo linampiga mtu au linarushwa. Ndiyo sababu mashine huwa na chuma cha chini cha kulizuia gogo. Gogo fupi lisilofika kwenye chuma hicho halizuiliki. Visiki vya kahawa ni vifupi na vimejipinda, usiviweke kabisa.

2. Shafti. Kati ya trekta na mashine kuna shafti inayozunguka kwa mwendo ule ule wa mara 540. Ni lazima ifunikwe kwa mfuniko wake wa plastiki, na ule wa chuma ulio juu ya piitio uwepo. Jipime hivi: zima injini, kisha zungusha ule wa plastiki kwa mkono. Ukizunguka peke yake bila shafti, ni mzima. Ukiwa umepasuka au umekwama, ubadilishwe. Na usiiruke shafti hata siku moja, pita mbele ya trekta.

3. Jeki. Kuna aina ambayo gurudumu la nyuma hutolewa, trekta huinuliwa kwa jeki, na skrubu hufungwa mahali pa gurudumu. Hiyo tunasema hapana. Trekta iko kwenye gia, na ikiteleza kutoka kwenye jeki inaanguka huku skrubu ikizunguka.

4. Mavazi. Wengi wanadhani glavu ni kinga. Hapa glavu pana ni mtego, maana inashikwa na kuvuta vidole vyote. Kabuti, skafu, leso na sweta lenye nyuzi, vyote viwekwe kando. Vaa nguo inayobana na gambuti.

5. Watoto na akina mama wanaokuja kuokota vibanzi. Tunajua ni kuni za bure, na nyumbani moto unangoja. Lakini waokote baada ya injini kuzimwa. Wakati wa kazi wakae mbali.

Na gogo likikwama? Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni, ngoja shafti isimame kabisa. Ndipo ulitoe kwa kabari na nyundo. Usilipige teke mashine ikizunguka.

MTU AKIUMIA

Zima injini kwanza. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachilia. Damu ikikataa kusimama na ni mkono au mguu, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kaza sana, na uandike saa uliyofunga. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uweke juu ya barafu. Barafu isikiguse chenyewe. Mpeleke mtu hospitali mara moja pamoja na hicho kidole. Usisahau kuuliza sindano ya pepopunda.

SHERIA INASEMAJE

Mwaka 2007 Kenya ilipata sheria mbili zinazotuhusu. Ile ya Usalama na Afya Kazini inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine. Pia inamtaka mfanyakazi atoe habari akiona hatari, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali ambapo hatari kubwa bado ipo. Ile ya Fidia kwa Wanaoumia Kazini inamtaka mwajiri awe na bima. Ajali ipelekwe kwa maofisa wa usalama kazini ndani ya siku 7, na kama mtu amefariki, ndani ya saa 24. Basi ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, na mashahidi wawepo.

TUFANYE NINI BASI?

Kabari mbili za chuma na nyundo kubwa bado zinafanya kazi. Mkaratusi upasue ungali mbichi, ukikauka hukaza. Vikundi vyenye kuni nyingi vinaweza kuchanga na kununua mashine inayosukuma gogo kwa mafuta ya haidroli, ile inayotaka mikono yote miwili ishike vyuma ndipo ifanye kazi. Ukiachilia, inasimama. Mikono ikiwa pale, haiwezi kuwa kwenye kisu. Mtu mmoja tu aiendeshe, asiwepo mwingine wa kumsaidia kushika gogo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika shamba unalofanyia kazi, ni mashine zipi zinazoendeshwa na piitio? Mfuniko wa shafti upo?
2. Aliye karibu na mashine hiyo anaweza kuizima mwenyewe?
3. Kibarua akikataa kazi kwa sababu ya hatari, kikundi chetu kitamsimamiaje asikose chakula cha siku hiyo?

Swali la tatu ndilo gumu. Kijana anayesukuma gogo mara nyingi anaiona hatari kutuzidi sisi, ila anaihitaji ile pesa ya jioni. Tusimwachie aamue peke yake.