Tofauti Si Kasoro: Sayansi ya Usemi, Lugha na Kusikia

Kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Uluguru, ambacho kimo chake chapita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huitwa Kimhandu. Ramani huliandika jina hilo kwa herufi m na h zikifuatana. Mgeni alisomapo hutamka m kwanza, kisha h, kana kwamba ni sauti mbili mbalimbali. Wenyeji wa milimani huziunganisha: midomo hufumbwa, na pumzi hupita puani kwa nguvu pamoja na ile m. Je, ni nani kati yao aliye na kasoro ya usemi?

Jibu ni kwamba hakuna. Kila mmoja hutamka kwa kufuata kanuni za lugha yake. Lakini wako watu, hasa watoto, ambao utamshi wao hutokana na maradhi, na wengine hutokana na kutosikia. Kuyatenga mambo haya matatu, yaani tofauti ya lugha, kasoro ya usemi na upungufu wa kusikia, ndiyo kazi ya taaluma tunayoieleza hapa. Mwalimu asiyeyatenga aweza kumwadhibu mgonjwa kwa uvivu, au kumpeleka hospitali mtoto aliye mzima.

Sauti hufuata sharia

Tuanze na hiyo mh. Katika historia ya lugha za Kibantu, nazali ilipotangulia p, t au k, matokeo yalitofautiana kutoka mahali hadi mahali. Kiswahili cha pwani kiliiacha nazali lakini kikabaki na mpumuo wake. Ndiyo maana wenyeji wengi wa pwani hutofautisha paa wa porini, mwenye pumzi, na paa la nyumba, lisilo na pumzi, ingawa sisi huyaandika kwa namna moja. Lugha nyingi za Morogoro na Dodoma zilifuata njia nyingine: nazali ilibaki, na pumzi ikaungana nayo. Kwa mfano, kuku wa Kiswahili ni ng'huku katika Kigogo. Basi mh si ulegevu wa ulimi, bali ni tokeo la mabadiliko yenye utaratibu. Vivyo hivyo sarufi ya Kiluguru ina taratibu zake. Daniel Mkude aliichunguza miundo ya sentensi zake katika tasnifu ya udaktari aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha London mwaka 1974.

Jaribio la 1. Weka vidole juu ya koo, kisha tamka s kwa muda mrefu, halafu z. Katika z utahisi mtetemo. Katika s hutahisi kitu. Mtetemo huo ni wa nyuzi za sauti, ambazo kwa mwanamume wa makamo hutetema mara 120 hivi kwa sekunde anapozungumza, na kwa mwanamke mara 200 na zaidi.

Jaribio la 2. Weka kioo kikavu na baridi chini ya matundu ya pua, kisha tamka baba mara tatu. Kifute, halafu tamka mama mara tatu. Kioo kitapata ukungu katika mama, kwa sababu m hupitisha hewa puani. Mtoto ambaye kioo chake hupata ukungu hata katika baba huenda hewa yake yapotea puani, na yafaa kaakaa lake lichunguzwe.

Safari ya sauti sikioni

Sauti ni mawimbi ya hewa. Yafikapo sikioni hukitikisa kiwambo, nacho huvisukuma vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku hupeleka mtikisiko huo katika koklea, chombo kilichojaa maji na kuviringika kama kombe la konokono. Georg von Békésy alionyesha jinsi wimbi linavyosafiri ndani ya koklea, sauti nyembamba zikifikia kilele chake karibu na mlango wake na sauti nzito zikifika mbali zaidi. Kwa uvumbuzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Katika kila koklea mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu seli hizi zikifa hazioti tena.

Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Nguvu kubwa ya irabu imo chini ya hezi 3,000, lakini ile ya s aghalabu iko juu ya hezi 4,000. Kwa hiyo mtoto aliyepoteza sauti nyembamba tu husikia a, o na u barabara, ila konsonanti kama s, f na sh humponyoka. Ukimwita kwa sauti kubwa atageuka, nawe utaapa kwamba asikia. Lakini umwambiapo "shika" aweza kuandika "fika", na darasa litacheka.

Watoto watatu

Tuchukue mfano wa darasa moja lenye wanafunzi watatu. Wa kwanza hutamka "selasini" badala ya thelathini. Wa pili, aliye na umri wa miaka minane, husema "tita" badala ya sita. Wa tatu husoma vizuri kitabuni, lakini katika imla huchanganya s, f na sh. Ukiwatazama juu juu, wote wana shida ya aina moja.

Mwanasayansi wa lugha atauliza kwanza: je, kosa hili limo pia katika lugha anayoizungumza mtoto nyumbani? Kwa mwanafunzi wa kwanza halimo. Lugha ya nyumbani haina th, naye ametumia sauti iliyo karibu. Anahitaji mazoezi ya darasani, wala hana haja ya tiba. Kwa wa pili, kosa limo katika lugha zote mbili, jambo linaloashiria kwamba tatizo li katika usemi wenyewe. Huyu apelekwe kwa mtaalamu. Wa tatu hutamka sawasawa asomapo, lakini hukosea asikilizapo. Huyu apimwe masikio, maana yamkini ana usaha wa sikio usiotibiwa, au ameathiriwa na homa ya uti wa mgongo, au na dawa kama streptomaisini na jentamaisini, ambazo pamoja na manufaa yake huweza kudhuru koklea.

Hili si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 ulimwenguni wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na kwamba asilimia 60 hivi ya upungufu wa watoto waweza kuzuiwa.

Kwa nini vipimo visiazimwe

Mashine ya kupimia masikio yaweza kununuliwa ng'ambo, kwani hezi 1,000 ni zile zile Morogoro na London. Lakini kupima usikiaji wa maneno ni jambo jingine. Orodha nyingi za Kiingereza hutumia maneno ya silabi moja, ilhali Kiswahili kina machache sana ya namna hiyo. Tena, wingi katika Kiingereza mara nyingi huonyeshwa na s iliyo mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili huonyeshwa na kiambishi cha mwanzo, kama kitabu na vitabu. Asiyesikia s vizuri hupata hasara tofauti katika lugha hizi mbili. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120. Ni nani atakayetunga orodha zinazofaa, kama si vijana wake wenyewe?

Njia ya chuo kikuu

Anayesomea fani hii katika shahada ya kwanza hujifunza anatomia ya koo, sikio na ubongo. Fizikia ya sauti. Fonetiki na isimu. Ukuaji wa lugha kwa mtoto. Na namna ya kupima na kutibu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeanzisha shahada ya aina hii, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio. Anayelenga huko aimarishe biolojia, kemia na fizikia, wala asidharau lugha ya bibi yake. Ajue pia kwamba si kila kiziwi ahitaji kufanywa msemaji: Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, nazo shule za viziwi za Tabora, iliyoanza mwaka 1963, na Buguruni, iliyoanza mwaka 1974, ni ushahidi kwamba elimu haipiti sikioni peke yake.

Wakati wataalamu wangali wachache, mwalimu ana mengi ya kufanya. Amtazame mwanafunzi anapozungumza, wala asiliambie somo ubao. Mvua inapopiga bati aandike maagizo. Anayetokwa na usaha sikioni apelekwe zahanati bila kukawia. Na kabla ya kumwita mtoto mzembe, ajiulize kama amepata kumsikia.

Maswali

1. Kusanya majina kumi ya watu au mahali katika wilaya yako yenye mh, nh au ng'h. Mwombe mzee ayatamke, kisha eleza hewa hupita wapi.
2. Tunga orodha ya maneno ishirini ya Kiswahili yenye silabi mbili, ambayo kila mtoto wa darasa la kwanza huyajua. Hakikisha s, f na sh zimo.
3. Mwanafunzi hutamka "kura" badala ya kula. Ungemwuliza nini mzazi wake kabla ya kuamua kwamba ana kasoro?