"Anti-âge" kwa Kiswahili: kusoma mgongo wa kopo

Kopo la mafuta ya ngozi linalouzwa sokoni Likasi lina nyuso mbili. Mbele kuna Kifaransa cha kuvutia: "anti-âge", "éclat", "unifiant", "éclaircissant". Nyuma kuna orodha ya herufi ndogo, nusu Kilatini na nusu Kiingereza, ambayo hata sisi wa masomo ya lugha huiruka. Mfasiri anayeishia mbele hajamsaidia mnunuzi.

"Anti-âge" halitaji kazi yoyote, linataja tamaa. Ukitaka kulisema kwa Kiswahili unalazimika kuchagua kitenzi: mafuta haya yanakinga, yanajenga, yanalowesha au yanachubua? Viambato vinavyouzwa chini ya jina hilo moja havifanyi kazi moja.

Retinoli, aina ya vitamini A, inajenga. Ikiingia ngozini hugeuzwa hatua kwa hatua kuwa asidi ya retinoiki, ambayo huharakisha kuzaliwa kwa seli mpya na kuchochea kolajeni. Asidi hiyo yenyewe, kwa jina la dawa tretinoini, ilitumiwa kutibu chunusi kabla ya Albert Kligman na wenzake wa Philadelphia kuonyesha mwaka 1986 kwamba inapunguza pia makunyanzi yaletwayo na jua. Kwa makunyanzi, sioni kiambato cha kupaka chenye ushahidi mzito kuliko jamii hii. Lakini inawasha, inadai miezi ya subira, na mama mjamzito asiitumie.

Vitamini C, yaani asidi askobiki, inakinga: inapunguza uharibifu ambao miale ya jua huanzisha ndani ya ngozi. Udhaifu wake ni kuharibika kwa hewa, mwanga na joto. Kioevu kikishageuka rangi ya chai, nguvu yake imekwisha, na chupa inayokaa juani mezani mwa muuzaji mwezi wa Oktoba haina maisha marefu. Niasinamidi, vitamini B3, ni mpole zaidi: inapunguza rangi inayopelekwa kwenye seli za juu na kuimarisha ngozi isipoteze maji. Asidi ya hialuroniki inalowesha tu, kazi ambayo gliserini ya bei ndogo nayo inaijua. Kolajeni ya kupaka ina molekuli kubwa mno kupenya.

Orodha ya nyuma nayo ina sarufi yake. Kwa kanuni za Ulaya, viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, mpaka asilimia 1. Chini ya hapo mtengenezaji hupanga apendavyo. Niasinamidi hutumiwa kwa asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo ikiwa mkiani kabisa, baada ya manukato, imewekwa kwa ajili ya jina. Retinoli ni kinyume. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inaiwekea mafuta ya uso kikomo cha asilimia 0.3, basi mkiani ndipo mahali pake. Nafasi ileile, maana mbili.

Klobetasoli nayo hufanya kazi kwa asilimia 0.05 tu. Ni dawa kali ya magonjwa ya ngozi, na ikipakwa kila siku kwenye ngozi nzima huifanya nyembamba, yenye mistari na mishipa inayoonekana. Yaani inaleta uzee uleule unaokimbiwa. Hidrokwinoni hupunguza utengenezaji wa rangi. Daktari anaweza kuiandika kwa muda mfupi, lakini matumizi ya miaka huweza kuacha weusi wa kibluu usiofutika kwa urahisi. Madhara hayo yalielezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Ulaya ikafuata mwaka 2001.

Kwa nini vitu hivi vinakaa rafu moja na retinoli? Kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umri kwa madoa na rangi isiyo sawa mapema kuliko kwa makunyanzi. Anayetafuta kuondoa madoa na anayetafuta weupe wanaulizia kopo moja. Hapo "kung'arisha" ni tafsiri ya hatari. "Éclat" ni mng'ao. Ngozi nyeusi iliyopakwa mafuta inang'aa. "Unifiant" ni kusawazisha rangi. "Éclaircissant" ni kupunguza weusi, na Kiswahili kina maneno ya wazi kwa hilo. Ukiyafunika yote kwa "kung'arisha", mama anayeuliza hawezi kujua anachopewa.

Kinga ya jua haina jina tamu mbele ya kopo, ila namba. Utafiti wa Nambour, Australia, uliochapishwa mwaka 2013, uliwafuata watu 903: waliopaka kila siku kwa miaka minne na nusu hawakuonyesha ongezeko la kuzeeka kwa ngozi. Wengi walikuwa weupe, na weusi wetu ni kinga kiasi. Hata hivyo Likasi iko karibu nyuzi 11 kusini, kwenye mwinuko, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Kwa madoa, kuyafuta bila kinga ni kuteka maji kwa kikapu.

Zoezi: chukua kopo lililoko nyumbani. Andika kitenzi kimoja cha Kiswahili kwa kila kiambato unachokitambua nyuma, kisha ulinganishe vitenzi hivyo na maneno ya mbele. Leta kopo lenyewe darasani, si picha yake. Herufi za chini mara nyingi hazisomeki kwenye simu.