Kiu: Nani Humwambia Mchuma Chai Anywe?

Saa nne asubuhi ukungu umeshaondoka kwenye mashamba ya Kericho na Bomet, na mchuma chai yuko kazini tangu alfajiri. Kapu mgongoni linazidi uzito. Aproni ya plastiki inamkinga na umande lakini inafungia joto, na jasho linamtoka. Kiu, hata hivyo, hana. Kwa nini?

Ubongo hujuaje kwamba maji yamepungua?

Hupima ukali wa chumvi. Mtu akitokwa na jasho, damu yake hukolea. Katika haipothalamasi, chini ya ubongo, kuna chembe zinazosinyaa damu ikikolea, na ongezeko la asilimia 1 au 2 tu latosha kuziamsha. Hapo tezi ya pituitari humwaga homoni ya vasopresini inayoziamuru figo zibanie maji, ndiyo maana mkojo hugeuka manjano iliyoiva. Kiu nayo hupanda.

Mbona kikombe kimoja hukata kiu hata kabla maji hayajaingia kwenye damu?

Ubongo hukisia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kuwa chembe za kiu za panya hunyamaza mara tu panya anapoanza kunywa. Kuupoza mdomo peke yake kulizituliza pia! Habari hutoka mdomoni na kooni, utumbo haujafanya kazi yake.

Baridi ya Kericho na Bomet inahusika?

Sana. Kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, asubuhi ni za baridi. Baridi hubana mishipa ya ngozi, damu ikarudi katikati ya mwili, na ubongo ukaona ipo ya kutosha. Kiu hufifia, ilhali maji yanaendelea kupotea kwa jasho na pumzi.

Chai yenyewe haikaushi mwili?

Haikaushi. Kafeini huongeza mkojo kidogo, lakini maji ya kikombeni huzidi yale yanayopotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji hodari wa Kenya ulikuta kwamba kwa siku walikunywa wastani wa lita 1.1 za maji na lita 1.2 za chai ya maziwa. Chai iliyashinda maji, na hao ni watu wa mbio ndefu!

Basi kila mtu anywe glasi nane za maji kwa siku?

Hesabu hiyo haina msingi wa kisayansi. Mtu mzima mwenye afya afuate kiu yake. Anayefanya kazi kwenye baridi atazame na rangi ya mkojo. Kujishindilia maji mengi kwa muda mfupi ni hatari: sodiamu ya damu hushuka, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa.

Wazee ni habari nyingine. Mwaka 1984 watafiti waliwanyima maji kwa saa 24 wanaume wa miaka 67 hadi 75 na vijana wa kiume. Wazee walisikia kiu kidogo na wakanywa kidogo walipopewa maji, ingawa damu yao ilikuwa imekolea. Kwa hiyo nyanya au babu aliyeketi nyumbani asingojewe aombe. Apelekewe kikombe.